Upepo na bidoni: maneno juu ya ile mashine ndogo

Mazungumzo yaliyotolewa Kyavinyonge, mbele ya mkutano mkubwa wa wanamemba, na mfanyakazi wa shirika linalosindikiza chama chetu. Komite imeomba yachapwe ili wale ambao hawakuwepo, na wasaidizi wetu walio mbali, wayasome nao.



Komite iliniita kuzungumza juu ya atelie ya mekanike, ile tulioanzisha kwa ajili ya vijana wa familia zilizorudi. Niliandaa rapoti nzuri yenye hesabu na picha. Lakini wiki mbili zilizopita nilisikia habari fulani, na rapoti ile nikaiacha kwenye mfuko. Leo nitazungumza juu ya jambo moja tu. Nitaanza na kosa langu, kwa sababu habari yenyewe ilianzia kinywani mwangu.

Mnakumbuka mkutano uliopita. Nilileta hapa mbele ile mashine ndogo ya shaba, yenye kimo cha chupa ya bia. Tukafunga tiyo ya kompresere, nikafungua robine kidogo, na gurudumu likaanza kuzunguka: tuku-tuku-tuku. Hakuna esansi, hakuna moshi, hakuna harufu. Watoto walipanda juu ya viti ili waone. Ninyi mlipiga makofi, na mimi, kwa furaha ile, nikasema: "Mnaona? Bila hata tone moja la esansi!"

Nilikaa. Sikuongeza neno lingine. Neno lile lilitoka hapa likatembea kuliko mimi.

Nilipofika tena juzi, nilikuta wanamemba wawili wametoa avansi kwa mtu mmoja wa mjini, aliyewaahidi vyombo vya kugeuza motere ya mtumbwi itembee kwa upepo. Alikuwa na video kwenye simu yake. Ndani ya video kulikuwa na mashine kama ile yetu. Nikasikia pia kuna kikundi kinachotaka kuomba sanduku la chama litoe mkopo kwa ajili ya mitumbwi minne. Ombi lile liko kwenye orodha ya leo, namba tano. Njo maana nimeomba kusema kabla hatujafika namba tano.

Mama mmoja aliniuliza pale kwenye mnada wa samaki, na swali lake lilinizidi siku ile. Alisema: "Wewe ulituonyesha kadogo kanazunguka. Kama kadogo kanazunguka, ile kubwa itakatala juu ya nini?" Swali hilo ni la haki. Jibu lake linahitaji tuelewe kwanza kadogo kale kanazungukaje.

Mashine ile ilitoka kwa mwalimu mmoja mzee wa fizike, kule Butembo, aliyekuwa anaitumia darasani. Ni mfano wa mashine ya mvuke, kama zile zilizokuwa zinasukuma meli na treni zamani. Wengine mmesikia habari za meli Liemba kule Tanganyika. Wajerumani waliijenga mwaka 1913, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 wakati wa vita, Waingereza wakaiinua, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Ilitembea kwa mvuke miaka mingi sana kabla ya kuwekewa motere za mazuti. Kanuni ya mashine yake ya zamani na ya hii yetu ya mezani ni moja.

Ndani kuna silinda, na ndani ya silinda kuna pistoni. Pembeni kuna kipande kidogo kinachoteleza mbele na nyuma, kinafungua mlango mmoja na kufunga mwingine. Mvuke unaingia upande wa juu, unasukuma pistoni ishuke. Kipande kinateleza, mlango unabadilika, mvuke unaingia upande wa chini, pistoni inapanda. Mvuke uliokwisha kufanya kazi unatoka nje. Basi.

Sasa angalieni: ndani ya silinda ile hakuna kitu kinachowaka. Moto uko mbali, chini ya chungu cha maji. Pistoni haijui kama kinachoisukuma ni mvuke au ni kitu kingine. Inajua tu kwamba inasukumwa. Njo maana watu wa Ulaya na Marekani wanaotengeneza mashine hizi ndogo nyumbani mwao, kama mchezo wa wazee, mara nyingi wanaziendesha kwa upepo wa kompresere. Chungu cha mvuke ni kitu cha hatari, kinataka maji safi, moto na ukaguzi. Upepo unatoka kwenye tiyo. Kwa mashine ndogo isiyobeba mzigo, bari 1 au 2 zinatosha kabisa. Ile yetu inaanza kuzunguka hata kabla mshale wa manometa haujafika 1.

Motere ya esansi ni tofauti. Yenyewe inawasha moto ndani ya silinda. Huwezi kuchukua motere ya pikipiki, ukaingiza upepo pale penye bujie, ukategemea izunguke. Itasukumwa mara moja, itasimama. Sopapi zake zimepangwa kwa mizunguko minne: kuvuta, kukandamiza, kuwaka, kutoa. Upepo unataka mizunguko miwili tu: kuingia na kutoka.

Hata hivyo, inawezekana. Na mmoja wa vijana wetu aliifanya. Alichukua motere ndogo ya zamani, ile ya mashine ya kunyunyizia dawa, ya mizunguko miwili, iliyokuwa imetupwa. Akatoa bujie. Mahali pake akafunga kitundu chenye goroli ndogo ya chuma ndani, upepo ukiisukuma goroli ikae juu ya tundu na kuliziba. Juu ya pistoni akaweka kijiti cha chuma. Pistoni ikifika juu kabisa, kijiti kinainua goroli, upepo unaingia kwa haraka, pistoni inashuka kwa nguvu. Ikifika chini, mlango wa pembeni unafunguka wenyewe, upepo unatoka. Gurudumu linairudisha juu, goroli inainuliwa tena. Alihangaika siku kumi na moja. Mara tatu kijiti kilivunjika. Siku ya kumi na mbili ikazunguka, na alikimbia nje akiita watu utadhani kuna moto.

Kijana huyo hakudanganya mtu. Na hata yule mwenye video, mimi siwezi kusema kama yeye mwenyewe anaamini au haamini. Video yake ni ya kweli: mashine inazunguka. Shida iko kwenye swali ambalo video hailijibu: inazunguka kwa muda gani, ikibeba nini, na nani aliujaza ule upepo?

Hapa tufanye hesabu pamoja. Msiogope, tutatumia mfuko wa simenti.

Mfuko mmoja wa kilo 50, ukiuinua mita 2 kutoka chini, yaani kuupita kichwa cha mtu mrefu, umefanya kazi ambayo wenye fizike wanaiita kilojuli 1. Shikeni hapo: kilojuli 1, mfuko mmoja juu ya kichwa.

Tanki letu la kompresere ni la lita 100. Tukilijaza hadi manometa ionyeshe bari 8, upepo ulio ndani, ukitumiwa wote bila kupoteza hata pumzi moja, unaweza kufanya kazi ya karibu kilojuli 120. Mifuko mia na ishirini. Inaonekana mingi. Katika maisha ya kweli tunapata nusu, au chini ya nusu.

Sasa chukueni lita moja ya esansi. Moto wake ni karibu kilojuli 32.000. Motere ya mtumbwi si hodari, sehemu kubwa inatupa kama joto na moshi. Tuseme inatumia sehemu moja tu kati ya tano. Bado tunabaki na kilojuli 6.400. Gawanyeni kwa 120: lita moja ya esansi, ile mnayoinunua kwenye chupa pale barabarani, inafanya kazi ya tanki hamsini na zaidi za upepo. Tanki hamsini kubwa, ndani ya chupa moja.

Au tuhesabu kwa muda. Motere ya farasi 15 ikivuta kwa nguvu yote inakula karibu kilojuli 11 kila sekunde. Tanki letu lote, likiwa limejaa, litaisukuma sekunde kumi au kumi na moja. Hesabuni polepole hadi kumi. Mtumbwi haujatoka bado mbele ya macho ya wanaofua nguo pwani.

Mtu atasema: tutumie chupa za nguvu, zile za wapiga mbizi, zenye bari 200. Nilipiga hesabu hiyo pia. Chupa moja ya lita 12 ingetoa, kwa makadirio mazuri kabisa, dakika moja na nusu. Na kuijaza kunataka kompresere ya aina nyingine kabisa, na chupa kama hiyo ikipasuka inaua.

Sikutaka mniamini kwa karatasi tu. Jumamosi tuliopita tulijaribu, na kumi na wawili kati yenu mlikuwepo. Tulifunga ile motere ya kijana kwenye mti, tukaipa tanki lililojaa. Bila mzigo ilizunguka dakika tatu na kidogo, ikapungua, ikanyamaza. Tukajaza tena, tukaifunga pangaboi ndogo ndani ya pipa la maji. Haikufika dakika moja na nusu. Na hiyo ni motere ya kunyunyizia dawa, si ya mtumbwi.

Kisha tukaangalia kitu kingine ambacho watu hawakiangalii. Kompresere yetu inatembea kwa esansi. Kila kujaza tanki ilikunywa karibu desilita moja, kikombe kidogo cha chai. Kikombe hicho hicho, kikimiminwa moja kwa moja kwenye motere ya farasi 15, kingesukuma mtumbwi karibu dakika nzima. Kikipitia kwenye upepo, sekunde kumi, na hizo ni zile za kwenye karatasi. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa alicheka, akasema: "Kumbe tunanunua esansi ili tusitumie esansi."

Maneno yake yanapita rapoti yangu yote.

Upepo wa kompresere si mafuta. Tanki ni bidoni. Bidoni haizai maji. Unatoa ndani yake kile ulichotia, na kama inavuja, unatoa kidogo kuliko ulichotia. Mtu akikuambia ana bidoni inayotoa maji bila kujazwa, usimuulize bei. Muulize nani anakwenda mtoni.

Ili msiseme tunawakatisha tamaa ninyi wa hapa peke yenu, nawaambia kwamba watu wenye akili na mali nyingi wamelipita jaribu hili kabla yetu. Mji wa Nantes, kule Ufaransa, ulikuwa na tramu za upepo tangu mwaka 1879, kazi ya enjinia Mékarski. Zilitembea kweli, na miaka mingi. Lakini zilikuwa na stesheni za kompresere za kuzijazia, na ilibidi upepo upitishwe kwenye maji ya moto, kwa sababu upepo ukitanuka unapoa sana na unyevu wake unaweza kuganda. Mwishowe umeme ukachukua nafasi yake. Karibu na wakati wetu, Mfaransa mwingine, Guy Nègre, alibuni gari la upepo, na mwaka 2007 kampuni ya Tata ya India ilitia sahihi mkataba naye. Tulisoma habari hizo tukiwa bado shuleni. Ninyi mnaofika Kasindi, mmeona magari mengi ya India yakipita pale mpakani. Ya upepo mmeona mangapi?

Basi, je, tuiuze kompresere? Hilo njo swali ambalo msaidizi wetu mmoja aliniandikia baada ya kusikia habari hii: kama upepo hausukumi mtumbwi, kwa nini pesa zilinunua kompresere? Nalo ni swali la haki.

Nitajibu kwa kuwakumbusha kwanza mahali tunapokaa. Kyavinyonge iko pwani ya ziwa, ndani ya Parke ya Virunga. Hatuna mashamba ya kupanua nyuma ya nyumba. Familia iliyorudi kutoka Butembo, au Beni, au ng'ambo Uganda, inarudia kitu kimoja: mtumbwi na nyavu. Na motere ikizimika usiku katikati ya ziwa, si hasara ya samaki tu. Upepo wa ziwa unakusukuma unapotaka wenyewe. Kuna viboko. Kuna mstari wa mpaka ambao hauonekani juu ya maji, lakini wenye bunduki wanaujua. Mnakumbuka Julai 2018, askari wa majini wa nchi hizi mbili walipopigana juu ya ziwa hili hili. Hapa kuna familia ambazo mtu wao alikamatwa upande wa pili kwa sababu motere ilikataa kuwaka, wala hakuwa ameenda kuvua kule. Kwa hiyo kijana anayejua kusikiliza motere kabla haijatoka pwani anaokoa mtu.

Na upepo, njo mwalimu mzuri wa kusikiliza. Nitawaambia mambo matatu tunayofanya nao.

La kwanza ni kujifunza. Ile mashine ya shaba tunaizungusha polepole sana, mizunguko ambayo jicho linaweza kuhesabu. Kijana anaona mlango unafunguka, pistoni inashuka, mlango unafungwa. Motere ya esansi haiwezi kukuonyesha hivyo. Inapiga kelele, ina moto, ina moshi, na huwezi kuikaribia kwa kidole. Hapa mwanafunzi anaharibu mpangilio kwa makusudi, mashine inakataa, anairudisha, inakubali. Anakosea mara ishirini bila kutuunguzia hata kikombe cha esansi.

La pili ni kutafuta ugonjwa. Chukueni pikipiki ya mizunguko minne ambayo haina nguvu. Tunaiweka pistoni juu kabisa, pale sopapi zote mbili zimefungwa, tunashikilia gurudumu lisizunguke, tunatia upepo kidogo kidogo kwenye tundu la bujie. Kisha tunanyamaza na kusikiliza. Upepo ukisikika kwenye bomba la moshi, sopapi ya kutolea haifungi. Ukisikika kwenye kabiratere, ni sopapi ya kuingizia. Ukitokea pale tunapotia oili, pete za pistoni zimekwisha. Zamani fundi alifungua motere yote ili atafute. Mwenye pikipiki alilipa kwa kazi ya siku mbili na jointi mpya. Sasa tunajua ugonjwa kabla ya kushika ufunguo.

Motere nyingi za mitumbwi yetu ni za mizunguko miwili, hazina sopapi kama zile. Hizo tunaziba milango yake, tunatia upepo mdogo sana, usiozidi nusu bari, na tunapaka maji ya sabuni. Mahali panapotoa povu, pale jointi imechoka. Mwezi uliopita msichana mmoja wa atelie alipata povu kwenye motere ambayo mwenyewe alikuwa tayari kuuza kwa bei ya chuma chakavu, kwa sababu fundi wawili walimwambia imekufa. Kilichoharibika ni jointi ya mviringo kwenye mhimili, kitu cha dola chache. Motere ile ilitoka ziwani jana usiku. Mwenyewe amekaa pale nyuma karibu na mlango, anaweza kuwaambia alirudi na samaki wangapi.

La tatu ni kusafisha. Kabiratere yenye uchafu, vitundu vidogo ambavyo sindano haifiki, upepo unafika.

Kwa hiyo upepo una kazi duniani, na kazi kubwa. Ule mlango mrefu chini ya milima kati ya Ufaransa na Italia, uliofunguliwa mwaka 1871, ulitobolewa kwa mashine za upepo, kwa sababu ndani ya shimo moto wa mvuke ungewaua wafanyakazi kwa moshi. Meli kubwa za bahari zinawasha motere zao za mazuti kwa upepo: unasukuma pistoni mara chache, motere ikishika, upepo unafungwa. Na zile lori mnazosikia zikitoa "pshhh" kwenye mteremko, frein zake zinashikwa na upepo. Mnaona, kila mahali ni kazi fupi, au mahali ambapo moto hautakiwi. Hakuna hata moja ambapo upepo ulichukua nafasi ya chakula cha motere. Kwetu vilevile: uache ufundishe na utafute ugonjwa.

Neno la usalama, na hili vijana mlisikilize vizuri. Nilikuta mmoja wenu amechukua chupa ya zamani ya kuzimia moto, yenye kutu chini, anataka kuigeuza tanki la pili. Hapana. Zile kilojuli 120 tulizohesabu, chuma kikipasuka, zinatoka zote kwa mara moja, pamoja na vipande. Kwenye atelie tunatumia tanki la kompresere peke yake, lenye sopapi yake ya usalama, na sopapi ile hakuna anayeikaza wala kuifunga kwa waya. Kila jioni tunafungua robine ya chini tutoe maji, kwa sababu upepo wa ziwa una unyevu, na maji yale njo yanayokula tanki kutoka ndani ambapo hatuoni. Mashine tunaitia oili nyepesi kabla ya kuizungusha, maana upepo haupaki mafuta. Na upepo hauelekezwi kwa mwili wa mtu, hata kwa mchezo.

Sasa narudi kwenye pesa.

Wale wanamemba wawili, sitataja majina yao, na ninaomba mtu asiwacheke. Waliamini kwa sababu mtu wa shirika, aliyesoma hadi chuo kikuu, alisimama mbele yao akasema "bila hata tone moja". Waliunganisha neno langu na video. Nilikwenda nao mjini wiki iliyopita. Mmoja alirudishiwa nusu ya avansi yake, tukaandikiana karatasi kwa nusu inayobaki. Wa pili mpaka leo hajapata kitu. Mtu yule anasema yuko safarini. Tutarudi tena na komite. Siwezi kuwaahidi kwamba pesa zitapatikana. Ninachoweza kuahidi ni kwamba ombi la namba tano likipita, tutakuwa na watu wengi wa kusindikiza mjini, na sanduku hili ni la mifuko yenu: ni franga mia tano za kila juma, ni matibabu ya mtoto, ni sanda ya maiti.

Ninaomba mambo mawili. Kwanza, mkutano ukatae mkopo wa motere za upepo. Kama mtu anakuja na chombo chochote cha kupunguza esansi, aje nacho hapa pwani, akifunge kwenye mtumbwi wetu, aende hadi kule mtambo wa nyavu unapoanza na kurudi, sisi tukishika saa na kupima bidoni mbele na nyuma. Akikubali, tutazungumza. Akikataa, tumeokoa muda.

Pili, msichukie kijana wetu wa goroli. Nimesikia wengine wanamwita mwongo tangu Jumamosi. Yeye ndiye aliyeshika saa siku ile, na yeye ndiye aliyeandika ukutani kwa makaa: "Dakika 1, sekunde 20." Angeweza kuficha. Mtu anayejenga kitu kwa mikono yake siku kumi na moja, halafu anaandika mwenyewe kwamba hakitoshi, mtu huyo tunamhitaji kwenye atelie hii kuliko kompresere yenyewe.

Nanyi wasaidizi wetu: kompresere mliyotununulia haitapunguza bei ya esansi Kyavinyonge. Mkisoma mahali kwamba imepunguza, jueni kuna mtu amepiga makofi kabla ya kuhesabu, kama nilivyofanya mimi. Inachofanya ni kwamba vijana wanasikia motere inavuja wapi ikiwa bado kwenye mchanga.

Mashine ya shaba iko pale mezani. Baada ya namba tano tutaizungusha tena, na safari hii kijana atasimama kando yake na saa.